Jansen ni Mwana wa Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Majina ya Kiholanzi

Barua za mwezi huu zimefuatana kama siafu, na nyingi zinauliza kuhusu majina ya Waholanzi, hasa hili la Jansen linalosikika kila kona kuanzia Naivasha hadi Kisumu. Tumechagua saba.

SWALI: Niko upande wa kufungasha maua katika shamba moja hapa Naivasha. Meneja wetu ni Jansen. Mtaalamu wa dawa anayekuja kila mwezi ni Janssen. Mnunuzi wa Ubelgiji anayetia sahihi kwenye oda ni Janssens. Wenzangu wanasema ni ukoo mmoja umeishika biashara. Ni kweli? — Mfanyakazi, Naivasha

JIBU: Undugu wao huenda ni kama wa Otieno wa Bondo na Otieno wa Homa Bay: wote wana jina, basi. Jansen ni sentensi iliyofupishwa. Kuna Jan, kisha s ya kuonyesha mwenye mali, kisha *zoon*, yaani mwana wa kiume. Jan-s-zoon, mwana wa Jan. Na Jan ni kifupi cha Johannes, Yohana wetu, jina ambalo Waholanzi walilipenda kupita kiasi kwa karne nyingi. Kijiji kimoja kingeweza kuwa na kina Jan kumi wasiohusiana, kila mmoja na wanawe.

Makarani wa zamani hawakuwa na subira ya kuandika Janszoon lote. Waliandika *Jansz.* na nukta, na kwa binti, Jansdochter, wakaandika *Jansdr.* Mdomoni z ikalegea, zikabaki Jansen, Janse na Jans. S mbili za Janssen utazikuta zaidi kusini-mashariki, upande wa Limburg. Wabelgiji wanaosema Kiholanzi wakaongeza s nyingine mwishoni, Janssens, kama kusema "wa kina Janssen". Kwa hiyo tahajia inaweza kukudokezea sehemu mtu alikotoka. Damu yake haikwambii.

Zamani jina hili lilibadilika kila kizazi. Mchoraji Rembrandt, aliyezaliwa Leiden mwaka 1606, jina lake kamili ni Rembrandt Harmenszoon van Rijn. Baba yake, msaga nafaka, alikuwa Harmen Gerritszoon. Babu, basi, ni Gerrit. Mtu asiyejua akiona Harmenszoon na Gerritszoon ataapa kwamba ni koo mbili, kumbe ni mtu na babake. "Van Rijn" ilitokana na kinu chao cha kando ya mto Rhine.

Mchezo huo ulikomeshwa na Napoleon. Ufaransa iliimeza Uholanzi mwaka 1810, na kwa amri ya tarehe 18 Agosti 1811 kila asiye na jina la ukoo la kudumu alitakiwa kuandikisha moja. Miji ya magharibi wengi walikuwa nalo tayari. Waliobanwa hasa ni watu wa kaskazini: Friesland, Groningen na Drenthe. Aliyekuwa Jansz. kwa sababu babake ni Jan akaandikwa Jansen, na wajukuu zake wote wakaganda hapo hata kama hakuna Jan mwingine aliyezaliwa kwao tena. Majina ya watu yalipohesabiwa mwaka 2007, Jansen lilikuwa la pili kwa wingi nchini, nyuma ya De Jong tu, likiwa na watu zaidi ya 70,000. Waambie wenzako hao wote hawawezi kuwa na baba mmoja. Kwa njia hiyo hiyo ndipo walipopatikana kina Pieters, Hendriks, Willemsen, Gerritsen, Dirksen na Cornelissen.

SWALI: Kwetu mtoto wa Kiplagat akishapashwa tohara huitwa arap Lagat. Mfumo wa Waholanzi si ndio huo huo? — Msomaji, Kapsabet

JIBU: Karibu sana. Arap hutangulia na *-zoon* hufuata, na Kikalenjin hulivua jina la baba lile Kip- kabla ya kulitumia, jambo ambalo Waholanzi hawana. Lakini mifumo yote miwili ilikuwa hai, ikibadilika na kila kizazi, na yote miwili ilikamatwa na karatasi. Wao ni rejista ya 1811. Sisi ni kipande, kisha cheti cha kuzaliwa, kisha cheti cha mtihani ambacho hakuna anayethubutu kukigusa.

Angalia kinachotokea jina likishaganda: jinsia hupotea. Kip- ni ya mtoto wa kiume, lakini Faith Kipyegon na Edna Kiplagat ni wanawake. Vivyo hivyo Floor Jansen, mwimbaji wa kundi la Nightwish, ni mwanamke anayeitwa "mwana wa kiume wa Jan" na hakuna anayeshtuka. Kiplagat na Uholanzi wamewahi hata kukutana: mwanariadha Lornah Kiplagat alipata uraia wa Uholanzi mwaka 2003, na mbio za nyika za dunia zilipofanyika Mombasa mwaka 2007 alishinda akiwa amevaa jezi ya Uholanzi.

Na kwa kuwa uko nchi ya wakimbiaji: Jos Hermens, Mholanzi aliyeanzisha kampuni iliyomsimamia Eliud Kipchoge, jina lake maana yake ni "wa Hermen". Naye alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1976 alikimbia mita 20,944 kwa saa moja, rekodi ya dunia wakati huo.

Makaburu walikuja na majina hayo hayo kupitia Afrika Kusini. Msafara wa magari ya ng'ombe uliotoka Nakuru mwaka 1908 kwenda Uasin Gishu uliongozwa na Jansen van Rensburg.  Hilo ni jina moja, usilikate katikati.

SWALI: Nimesikia kwamba Waholanzi walijiandikisha majina ya kijinga ili kumkejeli Napoleon, wakidhani angeondoka karibuni. — Msomaji, Kitale

JIBU: Hadithi tamu, ila haina miguu. Mfano unaotolewa sana ni Naaktgeboren, "aliyezaliwa uchi". Asili yake ni neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa baada ya babake kufa, likapotoshwa masikioni mwa Waholanzi, na lilikuwepo kabla ya Napoleon. Mengi ya majina ya ajabu yana maelezo ya aina hiyo. Mtu aliyetaka kukwepa kazi hakutunga kichekesho, aliandika tu jina la baba akaenda zake, na ndiyo sababu nyingine kina Jansen wakajaa.

SWALI: Nafundisha Gredi ya 8. Nataka watu mashuhuri wa jina la Jansen au Janssen ambao wanafunzi wangu wanaweza kuona wanahusiana nao vipi. — Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, anza na minyoo. Paul Janssen, daktari wa Ubelgiji aliyezaliwa Turnhout mwaka 1926, alianzisha maabara yake ya dawa mwaka 1953. Kutoka humo zilitoka mebendazole, ile tembe ya minyoo iliyomo katika kila duka la dawa, na levamisole, ambayo mkulima yeyote wa Lugari au Butere amewahi kumnywesha ng'ombe au mbuzi. Loperamide ya kuzuia kuhara ni ya hapo pia, na haloperidol ya mwaka 1958, iliyobadilisha matibabu ya wagonjwa wa akili. Kampuni ilinunuliwa na Johnson & Johnson mwaka 1961 lakini jina likabaki kwa miongo mingi. Waliochanjwa Korona kwa sindano moja wakaona "Janssen" kwenye kadi, ni huyo huyo. Waambie wanafunzi walete vifungashio vitupu vya dawa kutoka nyumbani, watafute jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Huenda mkapata kimoja kilicho kazi ya maabara ile.

Kwa somo la jiografia kuna Willem Janszoon. Mwaka 1606, akiwa na jahazi lililoitwa Duyfken, alifika pwani ya kaskazini mwa Australia, na ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kwa maandishi kuiona nchi hiyo. Abel Janszoon Tasman alifuata mwaka 1642, akafika kisiwa ambacho leo kinaitwa Tasmania na kisha New Zealand. Angalia: hawa wawili ni "Janszoon" wote, na hawakuwa ndugu.

Wapenda michezo wana chaguo. Jan Janssen alikuwa Mholanzi wa kwanza kushinda Tour de France, mwaka 1968, kwa tofauti ya sekunde 38 baada ya majuma matatu ya baiskeli. Wim Jansen alitwaa Kombe la Ulaya na Feyenoord mwaka 1970 kwa kuifunga Celtic, na mwaka 1997 akawa kocha wa Celtic hiyo hiyo, akaipa ubingwa wa Uskoti mwaka 1998. Dan Jansen, Mmarekani, alipata dhahabu ya kuteleza kwenye barafu mwaka 1994 baada ya kuanguka mara kadhaa kwenye Olimpiki. Huyo wa barafu sidhani kama atawagusa sana watoto wa Kakamega.

Tahadhari moja. Vitabu vingi vinamtaja Zacharias Janssen, fundi miwani wa Middelburg, kuwa mvumbuzi wa hadubini. Wanahistoria bado wanabishana. Mfundishe kama mfano wa dai lenye ubishi.

SWALI: Mimi ni karani wa ofisi inayoshughulika na Waholanzi. Faili zinapotea, na juzi mgeni alirudishwa uwanja wa ndege kwa kuwa tiketi haikulingana na pasipoti. Tufanyeje? — Karani, Nakuru

JIBU: Tatizo la kwanza lina dawa rahisi: acheni kuchapa jina kutoka kwenye barua pepe. Mholanzi ana majina rasmi na ana jina la kuitwa, na mara nyingi hayafanani. Anayejitia sahihi "Hans" au "Jan" pasipoti yake inasema Johannes. Kees ni Cornelis. Henk ni Hendrik au Hendrikus. Wim ni Willem au Wilhelmus. Omba picha ya ukurasa wa pasipoti, chapa tiketi kutoka hapo herufi kwa herufi, na hesabu s. Jansen na Janssen kwenye mtambo wa shirika la ndege ni watu wawili.

Pili, kabati. Kina Van den Berg, Van Dijk na Van der Meer mkiwaweka wote kwenye droo ya V, hiyo droo itafura na zile nyingine zitabaki na vumbi. Uholanzi wenyewe hupanga kwa neno kuu: Van Dijk yuko D, De Vries yuko V. Lakini Mbelgiji hupangwa kwa neno la kwanza, kwa hiyo Van Dijk wa Ubelgiji yuko V. Amueni njia moja, iandikeni kwenye karatasi, ibandikeni mlangoni mwa kabati. Jansen van Rensburg yuko J. Na kwa taarifa yenu, "van" ya Kiholanzi si dalili ya ukabaila. Maana yake ni "wa kutoka" tu.

Herufi kubwa nazo zina kanuni. Jina la kwanza au herufi zake zikitangulia, kiunganishi ni kidogo: Pieter de Vries, P. de Vries. Zikikosekana, ni kikubwa: Bw. De Vries. Mbelgiji huandika kama alivyosajiliwa, na kwa kawaida ni De kubwa siku zote. Halafu IJ, ambayo kwao huhesabiwa kama herufi moja: ikianza jina, zote mbili ni kubwa, IJsselstein, si Ijsselstein.

Mwanamke aliyeolewa akijiandika Jansen-de Vries, Jansen ni jina la mumewe na De Vries ni la kuzaliwa. Pasipoti hubeba la kuzaliwa, na la mume huweza kuongezwa baada ya *e/v*, kifupi cha "mke wa". Tiketi ifuate la kuzaliwa. Huenda hapo ndipo mgeni wenu alipokwama. Na kabla ya kuandika "Bi.", hakikisheni: Anne huko Friesland anaweza kuwa mwanamume mwenye ndevu.

Kwa simu, J hutamkwa kama y ya yai: Yansen. G ya Gerritsen hutamkwa kama kh ya Khamisi, jambo ambalo mtu wa pwani atalifanya vizuri kuliko sisi.

SWALI: Mume wangu ni Jansen, tunaishi Uholanzi na ninatarajia mtoto. Mama mkwe anataka Jansen, mama yangu wa Kisumu anasema mtoto asipokuwa na jina la kwetu hatamtambua. Sheria inasemaje? — Dada wa Kisumu, akiwa Uholanzi

JIBU: Dada, tangu tarehe 1 Januari 2024 huna haja ya kuchagua mama mmoja. Sheria inaruhusu mtoto abebe majina ya wazazi wote wawili, kwa mpangilio mnaoutaka, bila kistari katikati, na yasizidi mawili. Kama jina lako la ukoo ni Otieno, mtoto anaweza kuwa Jansen Otieno au Otieno Jansen. Mnatangaza chaguo lenu manispaa, ama kabla ya kujifungua ama siku ya kuandikisha uzazi, na uzazi huandikishwa ndani ya siku tatu. Msipotangaza, sheria inaamua: kwa waliooana mtoto huchukua jina la baba, kwa wasiooana huchukua la mama. Chaguo la mtoto wa kwanza huwafunga wadogo zake wote wa baba na mama hao hao, kwa hiyo ugomvi uishe sasa.

Kuhusu jina la kwanza, kuna mtego. Msajili anaweza kukataa jina la kwanza ambalo kwa kawaida ni la ukoo, isipokuwa kama linatumika pia kama jina la kwanza. Achieng' au Odhiambo huonekana kote kuwili, na mtu wa Utrecht asiyejua Kijaluo anaweza kusitasita. Nenda na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya jamaa ambako jina hilo limeandikwa kama la kwanza. Na mweleze mama kwamba mtoto akizaliwa alfajiri hakuna sheria ya Kiholanzi inayokataza Amondi.

SWALI: Kitabu cha zamani cha ubatizo cha parokia yetu kimejaa sahihi ya padre Mholanzi wa shirika la kimisionari la Mill Hill: herufi mbili na jina linaloishia -sen. Tunaandika historia ya parokia na tunataka kujua kwao. Tuanzie wapi? — Katibu wa kamati ya parokia, Mumias

JIBU: Jina la -sen peke yake halitawafikisha popote, mmeshaona sababu. Mnahitaji vitu vitatu: herufi zake zote za mwanzo, makadirio ya mwaka wa kuzaliwa, na jimbo. Padre wa Kikatoliki mwenye jina hilo, anzeni na Noord-Brabant na Limburg, ndiko Wakatoliki walikokuwa wengi. Herufi zake zitakuwa za majina ya ubatizo ya Kilatini: J ni Johannes au Jacobus, W ni Wilhelmus, C ni Cornelis au Cornelius.

Fungueni WieWasWie au Open Archives, tovuti za hati za zamani za Uholanzi; zote mbili hutafutwa kwa intaneti bila malipo. Msiandike jina zima. Kama ni Jansen, andikeni Jans*n na nyota katikati, itawaletea s moja na s mbili pamoja. Hati za kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, za ndoa 75, za kifo 50, hivyo padre aliyefika Mumias kabla ya vita vya pili atakuwa wazi. Hati ya kuzaliwa itawapa jina la baba, umri na kazi yake, na jina la mama. Wengi hukwama hapa: padre hakuoa, kwa hiyo hana hati ya ndoa, na hati ya ndoa ndiyo iliyonona kwa kuwa hutaja wazazi wa pande zote mbili. Tafuteni ndoa ya wazazi wake, mtapata babu na bibi wanne kwa mpigo.

Mkitaka kwenda nyuma zaidi ya 1811, mnaingia kwenye vitabu vya kanisa, na jina la ukoo linaweza kuyeyuka. Mtafuateni mtu kwa jina la kwanza na la baba. Waholanzi wa zamani, kama Wakikuyu, walizoea kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo mtakutana na Jan Pietersz., mwanawe Pieter Jansz., kisha mjukuu Jan Pietersz. tena. Kosa la kawaida ni kuwaunganisha babu na mjukuu wakawa mtu mmoja aliyeishi miaka 110. Tofauti iko kwenye jina la mke na kwa mashahidi wa ubatizo.

Kuna njia fupi inayowafaa ninyi hasa. Familia za Kikatoliki za Uholanzi zilichapisha kadi ndogo ya maombi mtu akifa, *bidprentje*, yenye tarehe na mahali pa kuzaliwa, na kwa padre, mara nyingi mwaka wa upadrisho na misheni alizohudumu. Kituo cha historia ya familia cha CBG mjini The Hague kina mkusanyiko mkubwa wa kadi hizo. Nyaraka za mashirika mengi ya kitawa zimekusanywa katika kijiji cha Sint Agatha, Noord-Brabant. Kabla ya kuandika huko, pekueni misale na vitabu vya sala vya zamani hapo hapo sakristia: kadi hizi zilitumika kama alama ya ukurasa.